Dumu Lililojaa Kabla ya Adhuhuri

Nina hasira na karatasi. Ile iliyobandikwa ukutani kwenye maabara yetu hapa Kismayu, ya kumweleza mgonjwa namna ya kukusanya mkojo wa siku nzima. Wa kwanza wa alfajiri umwage, mwingine wote tia dumuni mpaka alfajiri ya pili, na huo wa alfajiri ya pili nao utie. Basi. Miaka yote nimewasomea watu maneno hayo, kwa Kisomali na kwa Kibajuni, mbiombio, macho yangu mezani, kwa sababu benchi la wanaosubiri limejaa wanaume na mimi ni mwanamke.

Akaja mwanamke wa kisiwa cha Chovai, mimba ya miezi saba, miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Daktari wetu, kijana mgeni wa mji, alitaka kujua anapoteza protini kiasi gani kwenye mkojo: ikiwa nyingi, alazwe, ikiwa kidogo, arudi kisiwani. Nikampa dumu la lita tatu, nikamsomea karatasi. Akaenda kukusanya nyumbani kwa shangazi yake hapa mjini.

Alirudi na dumu limejaa pomoni, mkojo mweupe kama maji ya kisima. Mori ukanipanda.

"Umetia maji!" nikamwambia, tena kwa sauti, benchi zima linasikia. "Wataka kumdanganya nani? Mimba si yako?"

"Mimi si mchu wa kudanganya, mama," akasema kwa Kibajuni chake. "Lilijaa kabla ya adhuhuri, nikaacha."

Nikabetua mdomo. Nikapima hivyo hivyo, nikapeleka majibu. Protini kidogo. Daktari akafurahi, akaandika arudi kwao.

Lakini maneno yale ya adhuhuri hayakunitoka. Nani anajaza lita tatu kabla ya adhuhuri? Nikamvuta chumba cha nyuma, nikamuuliza alifanyaje. Akanionyesha bila kuficha: anachutama juu ya beseni, akimaliza anachukua kopo la maji anajitahirisha pale pale, kisha vyote anamimina dumuni.

"Ningeacha kujitahirisha?" akaniuliza. "Na sala je?"

Lahaula! Mwanamke gani wa kwetu angefanya vingine? Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Aliyeandika karatasi ile anajifuta kwa karatasi. Hayo ya kopo hayajui. Mimi nayajua tangu utotoni, nikayameza kwa kuwaonea haya wanaume wa benchini. Kumbe tulipima mkojo wa nusu siku, na mchango wa kisima juu yake.

Nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi. "Chana hiyo ruhusa."

"Mama, majibu umeleta wewe mwenyewe."

"Na mimi nasema ni ya uongo. Chana! Akifia huko Chovai utaandika nini?"

Akachana, kwa kununa. Safari hii nikamwelekeza yule mwanamke palepale mbele ya benchi, neno kwa neno: kojoa kwenye beseni, mimina dumuni, kisha nenda pembeni ndipo ushike kopo. Wanaume wakatazama miguu yao. Na watazame.

Dumu la pili halikufika hata nusu, na rangi yake ilikuwa ya mkojo. Protini ilikuwa nyingi mno. Akalazwa siku ile ile.

Jioni nilimwendea wadini, nikaingia ndani ya pazia la kitanda chake, nikainama, nikamnong'oneza: "Nisamehe, mwanangu."

"Kuniita mrongo uliniita mbele za wachu, mama. Radhi waja kuniomba nyuma ya pazia?"

Wadi ilikuwa imejaa wagonjwa na jamaa zao. Nikalivuta pazia likafunguka mpaka mwisho, nikaanza upya, kwa sauti ile ile niliyomtukania.