Simu Sitini na Nne Katika Ukingo wa Udongo

Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2016, saa moja na robo asubuhi, watu thelathini na saba waliitika pembe ya msaragambo katika kitongoji chetu, chini kidogo ya Chome: wanawake ishirini na wawili, wanaume kumi na watano. Kazi ya pamoja siku hiyo ilikuwa kuziba ukuta wa ndiva, bwawa linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Ukuta ulivuja, na mvua za vuli zilikuwa karibu. Nilipoita majina, nikiwa katibu wa ndiva, Eliakunda aliitika kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Watu walimwita Mama Chaji. Nilimfundisha darasa la sita mwaka 1982, wakati sabuni ilipatikana kwa foleni na rangi ya ubao haikupatikana kabisa. Tulipasua betri kuukuu za redio na tochi, tukasaga unga wake mweusi pamoja na majani ya maboga, tukapaka ubao. Katika kusaga hakuna aliyemshinda Eliakunda. Miaka ile ilimwachia desturi ya kutotupa kitu: kopo, kamba, hata kifuniko cha chupa, vyote vilikuwa na mahali pake chini ya kitanda.

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, vitu vikaja vingi, vya bei nafuu na vya kuharibika upesi. Eliakunda alinunua paneli ya jua, akaanza kuchaji simu za watu dirishani kwake. Zilizokufa aliachiwa. Kisha, Juni mwaka huo wa 2016, simu bandia zikazimwa nchi nzima, na wenyewe wakamletea hizo pia. Hakukataa hata moja. Ilipofika Agosti alikuwa nazo sitini na nne katika kiroba kimoja.

Hapo akakumbuka ubao. Mbao mbili za shule yetu ya msingi zilikuwa zimepauka, naye alitaka kuwapelekea walimu rangi. Akaiweka betri ya simu moja juu ya jiwe, akaipiga nyundo. Haikutoa unga. Ilifoka moshi mkali, ikawaka, ikamwunguza kiganja cha kulia. Harufu yake ilikaa nyumbani siku mbili. Siku ya tatu alikibeba kiroba mpaka kwenye ukingo wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba yake, mahali pasipolimwa, ambapo ni hatua arobaini tu juu ya ndiva. Akachimba, akazimwaga simu zote, hata ile iliyobaki bila betri, akafukia. Kiroba alikikung'uta akarudi nacho, kwa kuwa kilikuwa bado kizima.

Siku ya msaragambo Mzee Zefania, mwenyekiti wa ndiva, alikagua shimo letu la zamani la udongo, akakuta limebaki mchanga mtupu. Akaelekeza fimbo kwenye ukingo uleule.

Eliakunda akadai kwamba udongo ule haushiki. Zefania alichukua donge, akalisokota vidoleni mpaka likawa kama uzi bila kukatika, akawaonyesha watu, basi. Majembe yakaanza upande wa mbali, yakisogea kumwelekea Eliakunda, ambaye alikuwa amesimama juu ya mahali pale kama aliyetumwa kupalinda. Kanuni ya ndiva aliijua vizuri: anayechafua maji hunyimwa zamu ya kumwagilia msimu mzima. Yeye na binti yake Salama walikula kutoka shamba moja tu la mahindi na maharage, nalo halikuzaa bila zamu.

"Sogea, Mama Chaji, tusije tukakupaka ukutani," Honorata, jirani yake, akamwambia. "Au umeficha mahari ya Salama hapo?"

Watu walicheka. Eliakunda alisogea hatua moja, kisha ya pili. Makarai tisa yalikwisha kushuka ukutani. Ndipo jembe la Loth, mfugaji kutoka tambarare ambaye ng'ombe wake hunywa mwisho wa mfereji wetu, likang'oa kitu cheusi chenye tarakimu. Alikidhania takataka, akakitupa katika karai, na karai likaondoka kichwani mwa mtu. Eliakunda akalikimbilia, akalishika kwa mikono miwili.

"Acheni majembe," alisema. "Nimezika simu hapa. Sitini na nne."

"Zilikufa kwa ugonjwa gani?" Honorata akauliza, na wengine wakaangua kicheko. Eliakunda alifungua kiganja, kila mtu akaliona kovu. Kicheko kikakoma.

Akaeleza yote. Loth alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Mama, ng'ombe wakinywa maji hayo, itakuwaje?"

"Sijui."

Wote wakanigeukia mimi. Nami sikujua. Nilichokijua ni kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kupasua betri, na nikalisema hilo mbele yao.

Zefania aliuangalia ukuta. "Zamu yako ya msimu huu imekwenda, mama," alisema. "Haya, tuonyeshe ulipoanzia kuchimba."

Aliamuru udongo uliokwisha kupakwa ukwanguliwe, na shimo lichimbwe kwa mikono, jembe lisije likapasua betri nyingine. Watu walianza kuondoka, wengine wakinung'unika kwamba siku nzima imepotea kwa ajili ya kiroba cha mtu mmoja. Tulichambua donge kwa donge. Betri mbili zilikuwa zimevimba, na moja ilikuwa imelowesha udongo kwa maji yanayonuka. Tulichokipata tulikitia katika ndoo kavu yenye mfuniko. Juma lililofuata Eliakunda aliipeleka ndoo hiyo Same mjini, akapita ofisi mbili. Hakuna aliyejua pa kuipeleka, akarudi nayo. Lakini Jumanne ile hatukuwa tumefikiria habari za ofisi. Tulikuwa tukitazama mawingu juu ya mlima Shengena.

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini jioni nilifunga daftari. Simu zilizopatikana: sitini na moja. Zilizobaki katika udongo au ukutani: tatu. Ukuta haukuzibwa. Watu waliobaki ukingoni: Zefania, Loth, Honorata, Salama, mimi, na Eliakunda, ambaye alikuwa bado anachimba. Jumla, sita.