Nilichagua Boti Yenye Kitanda Kikubwa

Mimi ndiye niliyeichagua ile boti. Si mume wangu. Ninaliandika hili kwanza kabla sijaogopa, maana kule nyumbani Karungu kila mtu anajua kwamba ni yeye, hadi watoto, na mimi nimewaacha waendelee kujua hivyo.

Nisikilizeni tu. Huruma sikuja kuitafuta.

Mume wangu nitamwita Baba Achieng. Alizaliwa kando ya ziwa, lakini kazi yake yote aliifanyia pwani, kwenye yoti za wazungu, zile boti za matanga ambazo mtu na mkewe wanazunguka nazo dunia. Alianza kwa kusugua sitaha, akaishia kuwa yeye ndiye anayeziendesha wenyewe wakiwa wamelala. Alifika Shelisheli, Madagaska, hadi visiwa ambavyo siwezi hata kuvitamka. Mimi nilibaki Homa Bay na duka langu la nguo za kina mama, nikilea watoto, yeye akija Krismasi.

Alipostaafu aliniambia anataka jambo moja tu. Amewapeleka watu baharini miaka yote kwa boti zao, sasa anataka kwenda na yake, tena akiwa na mimi. Akiba alikuwa nayo. Na mimi, nisiwadanganye, nilifurahi. Lakini sikufurahia bahari. Nilifurahi kwamba kwenye chama chetu cha kina mama hakuna mwingine ambaye mume wake angekuwa na yoti.

Tukashuka pwani watatu: mimi, yeye, na mdogo wake Ouma, fundi wa injini za boti pale Karungu. Kulikuwa na boti mbili zinauzwa mahali pamoja. Zote zilikuwa za kiwandani, zile zinazotolewa nyingi kutoka kalibu moja, kwa hiyo nikajiambia tofauti yake ni ile ya nguo mpya na mtumba tu.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani, nyembamba na nzito. Mkuku wake, ule uti wa chini unaoizuia boti isipinduke, ulikuwa umeumbwa pamoja na mwili wake, na usukani umeshikizwa nyuma ya mkuku, umelindwa. Ndani palikuwa na giza. Jikoni anatosha mtu mmoja, tena amebanwa kila upande. Vitanda vilikuwa vyembamba, vyenye ubao pembeni. Ouma alijilaza kwenye kimoja akasema kwamba hapa hata wimbi likikurusha huendi popote. Baba Achieng alikuwa anapitisha kiganja ukutani polepole. Nilimjua. Alikuwa ameshapenda.

Ya pili, wueh. Pana, tumbo bapa, madirisha makubwa, friji, vyoo viwili, magurudumu mawili ya kuendeshea, na chumba cha nyuma chenye kitanda kikubwa kuliko changu cha Homa Bay. Upande wa nyuma ulikuwa wazi kabisa, unashuka ngazi unaoga baharini. Nilikaa juu ya kile kitanda, nikajipiga picha, nikaituma kwa kina mama wa chama hata kabla hatujashuka.

Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni, mume wangu alinieleza kwa upole. Alisema ile pana si mbaya, inafanya vizuri kazi iliyotengenezewa: kukaa bandarini, na safari za siku moja mbili. Lakini yeye anaenda mbali, ambako hakuna pa kukimbilia. Mkuku wake umefungwa kwa bolti. Usukani wake unaning'inia chini peke yake, haujashikwa na kitu, na mwenye boti alikiri kwamba uliwahi kugonga mwamba. Kabla ya kwenda popote ingebidi ushushwe na mhimili wake, ule mti wa chuma unaoubeba, ukaguliwe kwa ndani. Halafu akasema neno ambalo sijaweza kulisahau, kwamba baharini upana si utajiri, upana ni umbali wa kurushwa.

Nilimjibu mbele ya mdogo wake.

"Miaka yote umeosha vyoo vya wazungu. Leo Mungu amekupa uchague chako, unachagua ghala la mahindi. Wewe hujawahi kuwa nahodha, Baba Achieng. Wewe ni boi aliyezeeka."

Ouma alitazama miguu yake. Kwetu, kumwambia mwanamume maneno hayo mbele ya mdogo wake ni kumvua nguo. Nilijua. Ndiyo sababu niliyasema pale, si chumbani.

Na sikuishia hapo. Tuliporudi Homa Bay sikumsemesha. Nikimpakulia chakula namtuma mtoto ampelekee. Wageni wa mjini wakija nawaonyesha ile picha ya kitandani, yeye ameketi palepale, nasema hii ndiyo tunanunua kama mzee ataacha uoga. Mtu aliyevuka bahari mara nyingi kuliko nilivyovuka barabara, mimi namwita mwoga nikimimina chai.

Akachoka. Akainunua ile pana.

Sasa nikawa malkia. Kina mama wakashona sare ya kunisindikiza, kanisa likapanga maombi. Katikati ya shamrashamra zile akanipigia simu kutoka pwani. Fundi anataka kuushusha usukani, kipuri kitoke nje ya nchi, na pepo nzuri zinakaribia kuisha, kwa hiyo huenda safari ikasogea hadi msimu ujao. Nikamuuliza anataka nikawaambie watu nini. Nikamwambia kina mama wameshashona. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema: wameshashona.

Akasema ameutikisa usukani kwa mkono, haukucheza. Akasema, "Sawa."

Mwanaharamu ni mimi, kwa sababu niliisikia ile sawa. Miaka yote ya ndoa, nisiijue sauti yake akisema sawa isiyo sawa?

Maombi yakafanyika, nikapigwa picha, nikateremka pwani. Mume wangu akanitoa kidogo nje ya mlango wa bahari ili nizoee. Ile boti pana ikawa inanyanyuka na kupiga tumbo juu ya maji, paa, paa, kila kitu ndani kinaruka. Kwenye kitanda kile kikubwa nilibingirika ukuta hadi ukuta, nikatapika hadi nikaona nyota. Tuliporudi nikashuka na mkoba wangu. Nikasema nitamfuata kwa ndege hadi Shelisheli, yeye atangulie.

Mtu mmoja hawezi kuiendesha boti ile safari ndefu. Ouma akachukua nafasi yangu. Alikuwa na mke, Atieno, na watoto wadogo, na mafundi wake wanaomsubiri Karungu. Aliacha yote kwa sababu kaka yake alimwomba. Siku ya kung'oa nanga alinipigia simu akiwa anacheka, "Mama Achieng, usijali. Nitakulindia kitanda chako."

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Yaliyotokea Baba Achieng alinieleza mara moja tu, na akaniambia nisimuulize tena. Walikuwa mbali na nchi kavu, upepo umechafuka, wakati wa asubuhi. Mhimili wa usukani ukakatika. Boti isiyo na usukani inageuka ubavu inapigwa, na ile ilikuwa bapa, haikuwa na cha kushika maji. Ouma akaingia ule upande wa nyuma, chini ya kitanda changu, kuziba mahali maji yalipokuwa yanaingilia. Akaziba. Alikuwa fundi. Kisha akatoka nje kuchukua ubao waujaribu kama usukani, na ili aufikie ilibidi afungue kamba yake ya usalama kidogo. Wimbi likampiga. Sehemu ile ya kukaa ni pana kama sebule, hakuna cha kukumbatia. Akateleza kutoka upande huu hadi ule, akatokea nyuma kulikokuwa wazi, pale nilipopenda kwamba tutashuka tuoge.

Mume wangu alimrushia boya. Likaangukia mbali. Akamwona. Hicho ndicho kinachomla. Alimwona kabisa, kichwa juu ya maji, mkono umeinuliwa, anamwita kaka yake kwa jina la utotoni. Na hakuwa na kitu cha kuigeuzia boti. Alizungusha magurudumu yote mawili, yakawa yanazunguka bure, huku mdogo wake anabaki nyuma, anabaki nyuma, hadi mawimbi yakawa yanamficha.

Meli ya mizigo ilimwokota Baba Achieng baadaye. Boti ikaachwa hukohuko.

Nyumbani tukamzika Ouma bila Ouma. Sisi mtu akipotea majini na asipatikane, tunazika yago, lile tunda refu zito la mti wa mwituni, mahali pa mwili. Wazee walilichagua, wakalivisha shati lake. Atieno akalala na jeneza la tunda kama mke anavyolala na mumewe. Watoto wakaambiwa waage. Yule mdogo kabisa akauliza mbona baba amekuwa mdogo.

Kabla ya kufukia, mama mkwe alisimama. Ni mzee, anatembelea fimbo, lakini siku ile aliiacha chini. Akamtazama mume wangu.

"Ouma aliniambia kuna boti mbili," akasema. "Aliniambia moja ni ya kwenda na moja ni ya kukaa. Nani alichagua ya kukaa?"

Baba Achieng akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, wala hakuwa ananishtaki. Alinitazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutangulia mlangoni. Na alisubiri. Niliona anasubiri.

Nikainama, nikarekebisha kitambaa changu cha kichwa.

"Mimi, mama," akasema.

Mama yake akamtemea mate kifuani mbele ya ukoo wote, akaokota fimbo yake.

Baada ya hapo mume wangu hakukaa Karungu tena. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno. Ilikuwa akifika mahali watu wanaondoka. Akahamia kwa wajomba zake upande wa Kosele, huko analima viazi vitamu, mbali na maji. Kwangu Homa Bay haji. Nilipompigia simu mara ya kwanza nikaanza kulia, akaniambia nisilie, alishasema aliyosema na hayarudishwi. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akanijibu, "Nilikuwa nahodha. Wewe mwenyewe ulitaka niwe." Akakata.

Ningependa kuwaambia hiyo ndiyo adhabu yangu. Bado.

Adhabu yangu ni Atieno. Huyu mjane, ambaye Ouma hakuwahi kumsimulia maneno ya jioni ile, amenipenda. Kila akija mjini anapitia dukani kwangu, ananiita nyieka, kama wake wa ndugu wanavyoitana, ananiletea omena, dagaa wa ziwa letu, aliyoianika mwenyewe na hakubali kuondoka kabla hajaniombea. Mwezi uliopita alinishika mikono yote miwili. Akasema ananishukuru, maana katika nyumba ile nzima ni mimi peke yangu niliyeiona ile boti kuwa mbaya.

"Ndiyo sababu ulikataa kuipanda," akasema. "Ulijua. Wakakudharau kwa sababu wewe ni mwanamke."

Nifanye nini? Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, duka halikuwa na mteja. Nikaitikia kwa kichwa. Jamani, niliitikia kwa kichwa! Nikamfungia na kitenge kipya akashonee watoto.

Juzi kulikuwa na msiba wa mjomba, Baba Achieng akaja. Amekonda, shingo inaogelea kwenye kola. Alimnyooshea mkono yule mtoto mdogo wa Ouma amsalimie. Mtoto alirudi nyuma, akauficha mkono wake, akakimbilia kwangu na kujifunika kwenye sketi yangu. Kwangu! Mume wangu alibaki na mkono hewani. Kisha akaurudisha mfukoni taratibu, akaenda kukaa mwisho wa hema peke yake. Nami nilimpapasa mtoto kichwa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Basi nawaambia ninyi msionijua. Ukienda kuchagua boti ya safari ndefu, usiulize wageni watakaa wapi, wala friji inaingia soda ngapi. Uliza utashika nini siku utakaporushwa. Uliza usukani umeshikwa na nini. Na kama mwenzako ameijua bahari na wewe unajua picha tu, funga mdomo. Usimtukane mtu hadi akuchagulie kifo ili umwache apumue.

Na ukishakosa, sema palepale. Usijidanganye kwamba utasema matanga yakiisha, au watoto wakikua. Siku ya kwanza neno hilo lina uzito wa jiwe la kutupa. Siku ya pili ni mwamba. Mimi langu limeota majani.

Atieno amenitumia ujumbe, kesho anapitia dukani. Amesema nisipike, atakuja na omena.