Kikapu Kati ya Nyumba Mbili

Juzi nilikwenda kijijini kwetu Kinyangiri kwenye harusi, mvua ikanikuta nyuma ya kanisa, penye misonobari. Tulipokuwa watoto tuliiita miti ya sindano, kwa sababu majani yake ni membamba na marefu, na yakikauka huanguka yakafunika ardhi yote chini. Mvua ilipoyalowesha, harufu yake ikanipanda puani, nikasimama pale kama mjinga huku viatu vyangu vya harusi vikizama kwenye tope. Ungekuwepo ungenicheka. Nilikuwa namkumbuka bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, na sebule yake ilijaa vikapu. Vikubwa vyenye vifuniko vilikaa juu ya kabati, vile bapa vilitundikwa ukutani kati ya kalenda na picha ya babu, na kimoja kidogo kilikaa juu ya redio, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma, kisiguswe na mtu. Vyote alivisuka mwenyewe kwa nyasi za mbugani, akizungusha kishada cha nyasi duara juu ya duara na kukishona kwa sindano ya magunia. Nakshi alizitoa kwenye mitumba. Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa, nguo zikawa zinamwagwa mnadani robota kwa robota, na bibi alinunua sweta lililotoboka viwiko, akalifumua lote, akapata uzi mwekundu wa kupambia. Watu walimtania kwamba ananunua sweta kuvisha vikapu. Aliwajibu kuwa vikapu vyake havijawahi kulalamika kubanwa kwapani.

Kimoja tu hakikukaa sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuvuka njia kwenda kwa mama jirani na kurudi. Bibi akivuna karanga, alikijaza nikakipeleka. Jirani naye alikirudisha na mayai, au asali, au mlenda uliokaushwa. Kwetu kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu ilikuwa aibu, na wale wawili hawakulifanyia jambo hilo mzaha hata kidogo. Babu alikwishafariki, na jirani ndiye aliyekuwa mtu wa bibi. Kila alasiri walikaa mkekani wakimenya karanga na kumsema kila aliyepita, mchungaji hasa.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Mvua ilikataa, mtama ukakauka ukiwa magotini, na ng'ombe wakamaliza nyasi za mbugani hata bibi akakosa za kusukia. Mume wa jirani alikuwa na kazi kwenye ushirika, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Jirani akaanza kufagia kanisani ili apate chochote. Bibi alichota mtama wa akiba, akajaza kikapu, nikaupeleka. Kikapu hakikurudi.

Wiki zikapita. Jirani akaacha kuja mkekani. Tukikutana njia ya kisimani, ghafla alikumbuka kitu alichosahau nyumbani. Wanawake wengine wakasema amekula mtama na chombo juu. Nilimwomba bibi anitume nikakifuate, akanikatalia kwa Kinyiramba, lugha aliyoitumia alipokuwa hana mchezo. Nikikifuata, alisema, jirani ataona anadaiwa mtama. Lakini kila alasiri aliutandika mkeka uleule, akakaa upande wake, upande wa pili ukabaki wazi. Aliongea kidogo mno siku zile. Niliogopa, maana kikapu angeweza kusuka kingine, ila rafiki hakuwa na mwingine.

Jioni moja tukasikia hodi. Jirani alisimama mlangoni, kikapu kichwani, kimefunikwa khanga.

"Shikamoo dada," alisema, macho chini.

"Marahaba mdogo wangu. Pita."

Hakupita. Alikitua kikapu kizingitini, akakifunua. Kilijaa majani makavu ya msonobari, yameokotwa jani kwa jani na kulazwa yote upande mmoja.

"Dada, kwangu hamna kitu. Nimengoja nipate hata yai moja, sijapata. Haya nimeyaokota pale ninapofagia."

Bibi alichukua majani machache, akayanusa, akalikunja moja kidoleni kuona kama linavunjika. Halikuvunjika.

"Ungeleta mtama tungeula ukaisha," akasema. "Njoo ukae."

Jirani alilia waziwazi, na mimi nikatumwa kubandika maji.

Majani yale tuliyaloweka kwenye maji ya moto mpaka yakalainika. Kazi yangu ilikuwa kubandua vikofia vidogo vinavyoyashikanisha kwenye shina. Nyumba nzima ilinukia, hata uji tuliuona una ladha ya msonobari. Walisuka bega kwa bega, jirani akisuka vibaya, bibi akimwambia kikapu chake kimepinda kama shingo ya mchungaji akihesabu sadaka. Nikawasikia tena wakicheka. Njaa haikuondoka kwa hilo, tulikula mara moja kwa siku mpaka mvua iliporudi, lakini siku zile ninazikumbuka kwa furaha. Sijui utanielewaje.

Miaka mingi baadaye bibi alifariki. Wakati huo kile kikapu cha kuvuka njia kilikuwa kwa jirani. Alikuja msibani amekijaza unga, akaumimina jikoni, kisha akakaa kati ya wafiwa amekipakata. Nilipomsogelea aliniuliza, "Mjukuu wangu, sasa hiki nakiacha kwa nani?" Nilimwambia aende nacho. Akasema hawezi kuondoka nacho kitupu. Nikaingia chumbani kwa bibi, nikachota karanga zilizobaki kwenye debe lake, nikakijaza.

Siku hizi watu bado wanapeana vitu, sikatai. Hapa Singida Mjini mama mmoja huniletea mchicha, Mungu ambariki. Lakini huuleta kwenye mfuko wa dukani, na mfuko hakuna anayeurudisha, kwa hiyo hakuna safari ya pili. Naikosa ile safari ya pili. Naikosa hata ile aibu iliyomfanya mtu mwenye njaa aokote majani jani kwa jani, apate tu sababu ya kubisha hodi.

Siku ile ya msiba nilisimama mlangoni nikimtazama jirani akivuka njia na karanga za bibi, amekishika kikapu kwa mikono miwili. Alipofika kwake aligeuka, akaniambia atakirudisha. Nikamwitikia sawa, huku nikijua kesho yake tunaifunga nyumba ya bibi.