Mwanamaji si Kijito

Amefariki mlinzi wa ghala moja la bandari ya Jebel Ali, huku Uarabuni, mtu wa kabila la Wabodo kutoka Assam, India, niliyemfahamu kwa sababu mizigo ya duka letu la Deira huhifadhiwa humo. Moyo ulimsimama akiwa lindoni. Nilipofika kutoa pole kwenye kambi ya wafanyakazi alimokuwa akiishi, msimamizi wa vyumba, Mswahili mwenzangu, alikuwa ameshatandika shuka jipya kitandani pake. Nikamuuliza daftari la marehemu liko wapi. "Lile la maneno ya porini? Nimetupa, kaka. Kitanda kinatakiwa, khalas, yamekwisha." 

Daftari lile lililinganisha namna Kibodo, lugha ya mama yake, na Kiassam, lugha aliyosomea shule, zinavyounganisha maneno. Machozi, alinieleza, katika zote mbili ni maji ya jicho: mwdwi kwa Kibodo, sokupani kwa Kiassam. Zikifika mtoni zinaachana. Mbodo huchukua dwi, yaani maji, akaongeza mwishoni ma ya mama, akapata mto. Akiongeza sa ya mtoto, anapata kijito. Mwassam ana noi na juri, maneno mawili yasiyojuana. Siku moja alinijia mbio, amefundishwa neno la Kiswahili na walinzi wa Kenya. "Bro, hata nyinyi mnalo! Mwanamaji! Mtoto wa maji, kijito!" Nikamwambia mwanamaji ni askari wa meli. Akajikuna kichwa, kisha akaandika: Waswahili humtanguliza mtoto, halafu humpeleka jeshini. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Alitaka daftari limfikie mwalimu wa kijijini kwao, kwa kuwa watoto wa huko wameanza kuionea haya lugha yao. Hapa mjini mtu huulizwa pasipoti na kama miguu yake itahimili zamu. Anachokijua hakuna anayekiuliza. Na sisi tunaolalamika kwamba Kiswahili kinadharauliwa, ndio hao hao tunaoita lugha ya mwenzetu ya porini. Nyani haoni kundule. Inatia kinyaa.

Kinyaa chenyewe hakiishii kwa msimamizi. Mwezi uliopita marehemu aliniomba nizipige picha kurasa zile, maana simu yake ilikuwa mbovu. Nikamjibu, kesho, inshallah. Simu yangu imejaa picha za sahani za biriani nilizokula Al Barsha. Mtu akikuomba umhifadhie maneno yake, mhifadhie siku hiyo hiyo. Mimi sikufanya hivyo, na juzi mwalimu yule, aliyepewa namba yangu na marehemu, alinipigia simu kutoka kijijini kuuliza daftari litafika lini.