Uso Usio na Ndevu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndege ya askari wa kigeni ilitua kwenye uwanja wa Kindu, ikashusha mlango wake wa nyuma hadi chini. Baba yangu alikuwa amelala kando ya uwanja juu ya machela ya mianzi. Henia ilikuwa imembana tangu juzi. Daktari wa hapa alikwisha kutueleza kwamba utumbo umenyongwa, kwamba dawa ya usingizi ya kupasulia imekwisha mjini, na kwamba bila kupasuliwa baba hataiona Jumapili. Reli ilikuwa imekatika kwa vita, barabara pia. Ndege hiyo ingerudi Goma mchana uleule, na ilikubali kubeba wagonjwa.

Baba hakutaka kupanda. Alikuwa mtu wa Pangi, na katika miaka ile ndege zilikuwa zimewachukua vijana wa kijiji chake, leo za jeshi hili, kesho za jeshi lile, wala hakuna aliyerudi. Mama muuguzi aliyetusindikiza alimbembeleza, kisha akachoka.

"Papa, ukitaka kufa, ufie Goma. Kule kuna vitanda," alimwambia.

Baba alimjibu kwamba kaburi la Goma limechimbwa kwenye mawe, yeye hawezi kulala vibaya milele. Wabeba machela walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma.

Ndipo aliposhuka askari mmoja mrefu, mwenye kazi ya kupanga mizigo ndani ya ndege. Mikono ya shati lake ilishonewa nembo za kitambaa. Ya kushoto ilikuwa bendera. Ya kulia ilikuwa duara jeusi, na ndani yake uso wa kijivu: kipaji kipana, kidevu chembamba, macho mawili makubwa yaliyolala upande, mdomo kama mkwaruzo wa kisu. Chini yake palikuwa na nyota tano upande mmoja, na moja peke yake upande wa pili. Baba aliutazama mkono ule, akaacha kuguna.

Inafaa nieleze alichokiona. Kwetu Warega, wazee waliopanda ngazi za bwami, chama chetu cha siri ambacho mtu huingizwa kwa mafunzo, huwa na kinyago kidogo cha mti, kiasi cha kiganja, chenye uso wa namna hiyohiyo, kimepakwa udongo mweupe na kufungiwa ndevu za nyuzi. Ni mara chache huvaliwa usoni. Hufungwa mkononi, hutundikwa kwenye ua, au huburutwa chini kwa ndevu zake. Kila kinyago kimetoka kwa mtu aliyekishika kabla, na kina maneno yake ya kuimbwa. Asiyeingizwa anaweza kukitazama mchana kutwa. Kutazama hakatazwi, ila maana haambiwi. Baba alikuwa mmoja wa wazee hao. Mimi nilikulia mjini, sikuwa.

"Uso iko kwa mukono," alisema taratibu. "Lakini haiko na ndevu. Umuulize nani alimupa."

Nilimuuliza yule askari kwa Kifaransa. Nilitazamia acheke au atusukume kando, maana rubani alikuwa akiita. Yeye aliangalia mkono wake kwanza, kana kwamba alikuwa amesahau kilichoshonwa pale, kisha akamwangalia baba. Akajibu kwamba alipewa na waliokuwa naye kazini mahali fulani, kabla ya kuja Kongo. Nikamuuliza maana yake.

"Siwezi kusema," alijibu. "Waliokuwapo wanajua."

Nilimtafsiria baba neno kwa neno.

"Alijibu vile?"

"Alijibu vile, baba."

"Hakuongeza kitu?"

"Hapana."

Baba alifumba macho. Mtu aliyeokota uso ule njiani, alisema, angetueleza mambo mengi. Huyu amefunga mdomo. Basi ana wakubwa wake, na mtu mwenye wakubwa hawezi kumtupa mzee njiani. "Munibebe," alisema. Wabeba machela walimwinua kabla hajamaliza neno. Yule askari aliinama, akashika mguu wa machela, na mkono wenye uso ule ukapita karibu na kichwa cha baba.

Alipasuliwa usiku huohuo. Alirudi Kindu baada ya wiki sita, amekonda, akilalamikia chakula cha Goma.

Miaka mingi baadaye simu zilipoleta intaneti, nilianza kutafuta nembo ile, kila jioni kidogo, nikilinganisha picha na kuandika tofauti. Sikuipata yenyewe, ila nilizipata ndugu zake. Kuna nchi ambazo watu wanaorusha vyombo vya siri angani hujishonea nembo za kazi wasiyoruhusiwa kuitaja hata kwa wake zao. Joka lenye mabawa mapana huweza kuwa chombo kinachotandaza antena. Nyota ndogo katika nembo za wasafiri wa anga huweza kuwa idadi ya watoto wao. Nyota tano na moja husomwa hamsini na moja, namba ya mahali jangwani ambapo serikali ya nchi mojawapo ilikataa kupazungumzia kwa miaka mingi. Na uso wa kijivu ni wa viumbe wa nyota nyingine wanaosimuliwa huko. Hakuna aliyethibitisha kuwa wapo. Kwa askari wengi ni mzaha tu.

Hata hivyo mzaha huo haujanitoka. Jioni za kiangazi, nuru ndogo ikivuka juu ya mto Lualaba bila kumetameta, mimi huwaza kwamba pengine yupo mtu mahali anayeiongoza, ana uso ule mkononi, na haruhusiwi kusema. Watu wasiojua hata jina la Pangi waliutafuta uso wa kubebea jambo lisilosemwa, wakaufikia uleule wa wazee wetu. Sijapata maelezo ya hilo.

Mwaka huu nilimweleza baba yote niliyokusanya. Sasa ni mzee sana, husikia kwa sikio moja. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza nimelipa nini. Kwao, wazee wa bwami, maana hununuliwa, kwa mbuzi, kwa chumvi, kwa miaka.

Nilimjibu kwamba nimenunua megabaiti.

"Mimi nililipa kupanda mule ndani bila kujua," alisema. "Wewe ulilipa simu. Hawajakuambia kitu."

Nilijumlisha vocha zote nilizonunua kwa utafiti huo: franka elfu arobaini na saba na mia tano.