Darasa la Jumamosi kwa Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa mtaa wetu watu walimwita Wakili, na wala si kwa heshima. Aliwahi kuhudhuria semina ya siku tano ya haki za watoto, akarudi na cheti, akakibandika ukutani juu ya cherehani. Tangu hapo kila Jumamosi mchana akawa anasogeza vitambaa pembeni na kuwakusanya wasichana. Vitabu hakuwa navyo. Alifundisha jambo moja tu, kujisemea.

"Simama wima. Mtazame mtu usoni. Anza na 'Mimi, kwa hiari yangu.' Na usinong'one kama umeiba sukari!"

Wasichana walicheka mpaka kopo la pini likamwagika.

Aliyefuzu kuliko wote alikuwa binti wa kaka yake, msichana mwembamba mwenye sauti kama kengele. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shule, baba yake akapokea posa. Wakili akaenda mbio kwa afisa elimu. Afisa akamsikiliza, akasema, "Mama, niletee binti mwenyewe. Akikataa mbele yangu, hakuna wa kumgusa."

Ndugu zangu, mama wa watu alirudi nusura acheze barabarani. Si ndiyo kazi aliyomfundisha mtoto miaka miwili mizima?

Siku yenyewe Wakili, kaka yake na binti walibanana kwenye benchi moja ofisini. "Leo tutamsikia mwanafunzi wako, Wakili," kaka yake akamchokoza.

"Utamsikia, tega masikio."

Afisa akamgeukia binti. "Haya mwanangu, sema."

Binti akasimama wima, akamtazama usoni.

"Mimi, kwa hiari yangu, naacha shule niolewe. Hakuna aliyenilazimisha."

Wala hakunong'ona. Afisa akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Wengi wakifika hapa wanalia tu. Wewe unajua unachotaka. Nani kakufundisha kusema hivi?"

"Shangazi."

Akagonga muhuri.

Nje, Wakili alimvutia binti nyuma ya kibanda cha mlinzi. "Mwanangu, umenifanyia nini?"

"Baba alisema nikikataa, mdogo wangu anatolewa shule kesho yake, na mama anarudishwa kwao. Ungekuwa wewe ungesemaje, shangazi?"



Harusi ikapita. Gauni alishona Wakili mwenyewe, angemwachia nani? Jumamosi iliyofuata kaka yake akatokea mlangoni, amemshika mkono yule mdogo, wa miaka kumi na mmoja. Safari hii hakuwa na utani.

"Dada, na huyu mfundishe. Dada yake alisema vizuri, hata afisa akamsifu. Huyu ana aibu, siku yake ikifika ataniangusha."

"Darasa nimefunga," Wakili akasema.

Kaka yake akaguna. "Basi nitamfundisha mwenyewe nyumbani. Maneno nimeshayashika."