Maji kwa Mkono wa Mwanakombo

Elinaza Mbwambo aliwekwa kuwa mzee wa kanisa Jumapili ya tarehe 8 Januari 1950, katika kanisa dogo la Kilutheri la Temeke, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Kanisa lilikuwa nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa bati kuukuu. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mkorosho, na aliyekigonga kwa nyundo ni Elinaza.

Alikuwa Mpare wa Usangi, karani wa ghala, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kufyeka. Jumamosi ya kuamkia Meza ya Bwana aliketi mlangoni mwa kanisa na daftari magotini. Kila aliyetaka kushiriki alikuja kuandikwa, na kila mmoja aliulizwa swali moja: "Una neno na mtu?" Mwenye ugomvi hakuandikwa mpaka apatane na mwenzake. Shemeji yake mwenyewe alirudishwa mara mbili kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja. Watu walimheshimu Elinaza kwa kuwa hakuwa na upendeleo, na wapo waliomwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Somo alilolishikilia kuliko mengine ni ubatizo wa hatari. Mchungaji Shemndolwa, Msambaa mpole mwenye sharika tano za kuzungukia kwa baiskeli, alifika Temeke mara moja kwa mwezi, na homa za masika hazikungoja ratiba yake. Mtoto akizidiwa, Elinaza alifundisha, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, mwanamume au mwanamke. Yatakiwa maji. Yatakiwa maneno, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Na yatakiwa yatoke kwa mtu mmoja: anayemimina ndiye anayetamka. Alilirudia hilo la mwisho mpaka wanawake wakawa wanaigiza sauti yake kisimani, huyu akichota, yule akitamka, kisha wote wanacheka. Jingine alilolikaza ni kwamba mtu asikimbilie ubatizo huo pasipo hatari ya kweli, kwani sakramenti si hirizi ya kumfunga mtoto mkononi.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa kuwekwa kwake, Felicitas, mama wa Kihaya aliyekaa karibu na njia ya Chang'ombe, alifiwa na mtoto wa wiki tatu. Alikuwa amemmiminia maji mwenyewe. Elinaza alipomwuliza alitamka nini, alijibu kwamba kwa hofu maneno yote yalimtoka kichwani, akasema tu, Yesu mpokee. Elinaza alimweleza taratibu, bila ukali, kwamba Mungu hafungwi na upungufu wetu na kwamba mtoto yumo mikononi mwake. Ila kwa utaratibu wa kanisa huyo hakubatizwa. Jina halikuandikwa kitabuni. Reli haikugongwa wakati wa maziko. Felicitas alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa upande wa wanawake, karibu na dirisha.

Tarehe 10 Aprili 1951, siku ya Jumanne, Anjelina mke wa Elinaza alijifungua mtoto wa kike wa miezi saba. Mkunga alikuwa jirani yao Bi Mwanakombo, Mzaramo aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, wa Waislamu na wa Wakristo. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu Anjelina amzae Nakijwa, aliyekuwa kwa bibi yake Usangi, na katikati mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Huyu mpya aliitwa Tabita. Alikuwa mdogo kiasi kwamba Mwanakombo alimlaza ndani ya kapu lililojazwa pamba.

Anjelina alitaka abatizwe siku ile ile. Elinaza alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Alikuwa ananyonya, kidogo kidogo lakini ananyonya. Mchungaji alikuwa anakuja Jumapili, siku tano tu mbele. Elinaza akawaza juu ya watu aliowakanya kwa haraka yao, akaona haya kuwa wa kwanza kuvunja alichokifundisha. Akamwambia mkewe wasubiri, mtoto apelekwe mbele ya washarika kwa heshima, na gauni jeupe, na wadhamini wawili. Anjelina hakubishana naye. Alianza kushona lile gauni akiwa amelala ubavu.

Mwanakombo, ambaye hakuelewa habari za sakramenti ila alielewa watoto, alimsimamisha Elinaza uani.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Nasikia yapo maji ya kumtia mtoto huyu, nawe umeyazuia hadi Jumapili. Nyie Wapare, hata maji mnaweka akiba?"

Elinaza alicheka. Alikuwa amezoea utani wake.

Jumamosi mchana alikuwa kanisani anapaka chokaa ukuta wa mbele kwa ajili ya ubatizo wa kesho yake. Mtu alitumwa kumwita. Alipofika nyumbani, mikono ingali myeupe, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Habari aliipata kutoka kwa wanawake wale wawili, huyu akiishia yule akipokea. Mtoto alibadilika rangi ghafla. Anjelina alijaribu kuinuka, damu ikaanza kumtoka upya, akaanguka kitandani. Kapu lilikuwa upande wa pili wa chumba, juu ya sanduku. Mkristo mwingine hakuwepo karibu. Anjelina akamwambia Mwanakombo achote maji ya mtungini ammiminie mtoto kichwani mara tatu, naye pale alipolala akayatamka maneno yote, sawasawa kama alivyofundishwa, bila kuruka hata moja. Akamwita Tabita kwa jina. Mtoto alipumua mara chache baada ya hapo.

Elinaza alikaa chini sakafuni. Mwanakombo aliutazama uso wake, akatambua kwamba kuna kitu kimekosewa.

"Mie sikumbatiza mtu," alisema. "Mie nilikuwa mkono wa mwanangu huyu. Wake haukufika."

Mchungaji Shemndolwa alifika asubuhi, suruali imejaa tope mpaka magotini. Walikaa wawili kwenye benchi la mbele kabla ya ibada, na Elinaza akamweleza yote bila kuficha: maji yalikuwepo, maneno yalikuwepo, mmoja alitamka na mwingine akamimina, na aliyemimina ni Mwislamu. Akayarudia na maneno ya Mwanakombo kuhusu mkono.

Mchungaji alivua miwani, akaivaa tena. Mwishowe alisema kwamba jambo lile linasemeka pande mbili. Mama ni Mkristo, maneno ni yake, nia ni yake. Kuna watakaosema huyo jirani alikuwa chombo tu, kama kikombe. Wengine watasema hapana.

"Mimi naweza kuliandika hilo jina, mzee," alisema. "Ila mimi naondoka jioni. Wewe ndiye utakayebaki na washarika."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Elinaza aliinua macho. Watu walikuwa wameanza kuingia, na Felicitas alikuwa amekwisha kukaa mahali pake pa nyuma, kitambaa cheupe kichwani, anatazama nje dirishani. Elinaza alijua, jina likiandikwa, angemwambia mkewe neno gani, na lingekuwa neno jema. Neno la kumwambia Felicitas hakulipata.

"Usiandike," alisema.

Aliporudi nyumbani kumwambia Anjelina, alimkuta ameketi, ameegemea ukuta, gauni jeupe limekwisha kuvalishwa mtoto. Alimweleza kama alivyomweleza Felicitas, kwamba Mungu hafungwi, kwamba mtoto yumo mikononi mwake. Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akafahamu kwa mara ya kwanza yalivyokuwa madogo.

"Mchungaji ndiye aliyekataa?" Anjelina aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana. Ni mimi."

Anjelina aliliweka sawa pindo la gauni.

"Uliniambia tusubiri, Baba Nakijwa, nikasubiri. Nilipoona hakuna tena cha kusubiri nikafanya ulivyotufundisha. Sasa unaniambia sikufanya."

Elinaza alingoja alie au amtukane, akaona hafanyi hata kimoja.

Walimzika alasiri, mvua ikinyesha, pembezoni mwa makaburi ya Wakristo, mahali alipowekwa mtoto wa Felicitas. Mchungaji alisali kwa ufupi, bila joho. Nyundo ya kengele ilikuwa pale pale ilipoachwa asubuhi, chini ya mkorosho. Mwanakombo alisimama mbali kidogo, kanga imemfunika kichwa, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama anatakiwa.

Watu walipotawanyika, Felicitas alimsogelea Elinaza. Tangu Juni hawakuwa wamesema zaidi ya salamu. Elinaza alidhani amekuja kumshukuru, au kumsimanga. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Pole, mzee," Felicitas alisema. "Mie sikutaka wako akataliwe. Nilitaka wangu akubaliwe."

Kisha akaenda kumshika Anjelina mkono, maana hakuwa bado na nguvu za kutembea peke yake, wakaongozana polepole na Mwanakombo hadi nyumbani.

Wiki nne zilizofuata Anjelina alipika, alifua, aliitikia alipoitwa. Mashati yalipigwa pasi kama kawaida. Elinaza alijaribu mara mbili kuzungumza habari ya mtoto, na mara zote mbili mkewe alinyanyuka akaenda kuangalia chungu. Jioni alikuwa kwa Mwanakombo, na mara nyingi Felicitas alikuwa huko huko.

Jumamosi ya tarehe 12 Mei, siku moja kabla ya Pentekoste, Elinaza aliketi mlangoni mwa kanisa na daftari lake. Watu walikuja mmoja mmoja, wakaulizwa, wakaandikwa. Karibu na saa kumi aliinua macho akamwona mkewe amesimama kwenye mstari, nyuma ya mzee mmoja kiziwi, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Angeweza kuandikwa nyumbani, ila Elinaza mwenyewe ndiye aliyewahi kusema kwamba mke wa mzee wa kanisa hana mlango wake wa peke yake.

Zamu yake ikafika.

Kalamu ya Elinaza ilikuwa imekwisha kuanza herufi ya kwanza. Akaiinua. Nyuma walikuwa wamesimama watu wanne, wanasikia.

"Una neno na mtu?" aliuliza.

"Ninalo," alisema Anjelina.

Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi. Elinaza alitazama karatasi. Kisha Anjelina akatoka kwenye mstari, na aliyefuata akasogea.

Elinaza aliifuta ile herufi. Alipomaliza kuandika wengine alifika mahali ambapo siku zote aliandika jina lake mwenyewe, mwisho wa orodha, akafunga daftari. Kesho yake, Pentekoste, mchungaji aliandaa Meza ya Bwana, washarika thelathini na mmoja wakaenda mbele, na mzee wa kanisa na mkewe wakabaki wamekaa, yeye upande wa wanaume, Anjelina benchi la nyuma karibu na dirisha.